Santiago Ramón y Cajal (1852–1934): Aliyezitenganisha Seli za Ubongo

Katika mada ya jenetiki umejifunza kwamba karibu kila seli ya mwili wako ina jeni zile zile. Seli ya ini, seli ya ngozi na seli ya ubongo zote zilitokana na yai moja lililorutubishwa. Kinachozitofautisha ni jeni zipi zinazotumika katika kila seli. Seli inapotumia jeni fulani, kwanza huinakili kuwa RNA, kisha ujumbe ulio kwenye RNA hiyo hutumika kutengeneza protini. Kazi hiyo yote huitwa udhihirishaji wa jeni. Fikiria maktaba ya shule: vitabu ni vile vile kwa wote, lakini kidato cha kwanza huazima vyao na kidato cha nne huazima vyao. Seli nazo zina maktaba moja, ila kila aina ya seli ina vitabu vyake inavyovifungua.

Leo wanasayansi wanaochunguza ubongo wa mamalia huweza kuchukua seli moja moja na kusoma ni jeni zipi zinazofanya kazi ndani yake. Ili uulize swali hilo, lazima kwanza ujue kwamba ubongo umejengwa kwa seli zinazojitegemea. Miaka mia moja na hamsini iliyopita jambo hilo halikuwa wazi. Wataalamu wengi waliamini kwamba ubongo ni wavu mmoja ulioungana, usio na mwanzo wala mwisho. Kama wangekuwa sahihi, kusema habari za seli moja ya ubongo kungekuwa sawa na kusema habari za tone moja ndani ya ziwa.

Mtu aliyefanya kazi kubwa kuliko wote kuondoa fikra hiyo ni Santiago Ramón y Cajal wa Hispania. Soma maisha yake kwa makini. Yatakusaidia kukumbuka mambo ambayo watahiniwa wengi huyakosea katika mada ya mfumo wa fahamu.

Utoto na ujana

Cajal alizaliwa tarehe 1 Mei 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, kaskazini mwa Hispania. Baba yake, Justo Ramón, alikuwa tabibu aliyepanda ngazi kwa juhudi zake mwenyewe kutoka katika umaskini. Alitaka mwanawe naye awe daktari. Mtoto alitaka kuchora. Alichora kwenye karatasi, kwenye vitabu na hata kwenye kuta.

Siku moja baba aliamua kulimaliza suala hilo. Alichukua picha ya mwanawe akampelekea fundi aliyekuja kupaka rangi kanisa la mji wao, aitoe thamani. Fundi alisema picha ile haifai kitu. Baba akaridhika, na rangi zikapigwa marufuku nyumbani. Huenda unamfahamu mwenzako aliyewahi kupitia hali kama hiyo.

Shuleni Cajal hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alichukia kukariri na aliadhibiwa mara nyingi. Akiwa na umri wa miaka 11 alitengeneza mzinga mdogo, akaulipua na kuharibu lango la jirani. Alifungwa siku chache jela. Baba yake, ili kumtia adabu, alimpeleka kujifunza kazi ya kinyozi, na baadaye ya ushonaji viatu.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1868, Cajal akiwa na miaka 16. Baba alimpeleka kwenye makaburi ya zamani kutafuta mifupa ya kujifunzia, kisha akamfundisha jina na umbo la kila mfupa. Kijana aliyekataa kukariri orodha za maneno alijikuta akikumbuka kila tundu na kila kona ya mfupa, kwa sababu alikuwa anaichora. Hapo baba na mwana walipatana. Uchoraji ulipata kazi ndani ya udaktari.

Jeshi, malaria na hadubini ya kwanza

Cajal alisoma udaktari katika mji wa Zaragoza, akahitimu mwaka 1873. Aliitwa jeshini, na mwaka 1874 akapelekwa Kuba kama daktari wa jeshi. Wakati huo Kuba ilikuwa koloni la Hispania na wananchi wake walikuwa wanapigania uhuru. Adui mkubwa aliyemkuta Cajal huko hakubeba bunduki. Alipata malaria kali, akadhoofika mno, na mwaka 1875 akarudishwa nyumbani akiwa mgonjwa.

Sehemu ya malipo ya utumishi wake jeshini aliitumia kununua hadubini. Wengine wangenunua shamba au samani. Yeye alitengeneza maabara ndogo nyumbani, akaanza kujifunza mwenyewe kukata vipande vyembamba vya mwili, kuvitia rangi na kuvitazama. Mwaka 1879 alimwoa Silveria Fañanás. Kipato kilikuwa kidogo na watoto walizaliwa mmoja baada ya mwingine, lakini mama huyu aliendesha nyumba kwa uangalifu hata fedha za kemikali na vioo zikapatikana.

Mwaka 1883 Cajal alipata nafasi ya uprofesa wa anatomia katika mji wa Valencia. Miaka miwili baadaye kipindupindu kiliingia. Alifanya utafiti juu ya ugonjwa huo, na viongozi wa Zaragoza wakamshukuru kwa kumpa hadubini mpya ya Zeiss, iliyokuwa miongoni mwa hadubini bora za wakati ule. Kwa mara ya kwanza alikuwa na chombo kinacholingana na vya wenzake wa Ujerumani.

Tatizo lilikuwa nini?

Hapa tulia kidogo, maana ndipo penye kiini cha habari yenyewe. Tangu mwaka 1839 wanasayansi walikubali kwamba wanyama na mimea wameumbwa kwa seli. Ubongo ulibaki kuwa mgumu kueleweka. Kila seli yake ina matawi mengi membamba, na matawi ya seli moja hupenya katikati ya matawi ya seli nyingine. Ukizipaka zote rangi, unaona giza tupu, kama kichaka kinene usiku. Usipozipaka rangi, huoni chochote.

Mwaka 1873 daktari wa Italia, Camillo Golgi, alipata njia ya kutoka. Alikigandisha kipande cha ubongo kwa dikromati ya potasiamu, kisha akakitia katika nitrati ya fedha. Seli chache tu kati ya nyingi ziligeuka nyeusi, lakini hizo chache zilionekana nzima, pamoja na matawi yake, juu ya mandhari ya njano. Udhaifu wa mbinu hiyo ndio uliokuwa nguvu yake. Kama ingepaka rangi seli zote, isingeonyesha hata moja.

Golgi mwenyewe alitazama picha zake akahitimisha kwamba nyuzi ndefu za seli huungana na kufanya wavu mmoja. Kwa maoni yake, ubongo ulifanya kazi kama kitu kimoja kizima.

Mwaka 1888

Mwaka 1887 Cajal alitembelea Madrid. Huko daktari mwenzake, Luis Simarro, alimwonyesha vipande vilivyotiwa rangi kwa mbinu ya Golgi. Mbinu ilikuwa na umri wa miaka 14, lakini watu wachache waliitumia, kwa kuwa mara nyingi ilikataa kufanya kazi. Cajal alirudi nyumbani akiwa ameamua. Mwaka huo huo alihamia Barcelona.

Aliiboresha mbinu hiyo kwa njia mbili. Kwanza, alirudia kukitumbukiza kipande katika kemikali mara mbili au zaidi. Pili, na hili ndilo wazo lake kubwa, aliacha kutazama ubongo wa wanyama wakubwa tu. Alichukua ubongo wa vifaranga, wa wanyama waliozaliwa karibuni na wa viinitete. Katika umri huo matawi bado ni mafupi, na nyuzi nyingi hazijafunikwa na ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huizuia rangi ya fedha. Badala ya kuingia msitu mzima, alianza na kitalu cha miche.

Mwaka 1888 alitazama serebela ya ndege, yaani sehemu ya nyuma ya ubongo inayosaidia kuratibu mwendo wa mwili. Aliona nyuzi za seli moja zikiizunguka seli nyingine kama kikapu, zikaigusa na kuishia hapo. Hazikuungana. Alitafuta mahali ambapo nyuzi mbili zimekuwa moja, hakupapata. Alipowageukia mamalia, wakiwemo paka, panya na sungura wachanga, aliona jambo lile lile katika retina, katika uti wa mgongo na katika ubongo. Kila seli ilikuwa na mwanzo na mwisho wake.

Jambo la pili aliloliona lilikuwa vijitokezo vidogo kama miiba kwenye dendraiti, yaani matawi yanayopokea ujumbe. Wengine walidai kwamba ni uchafu wa fedha tu. Cajal alizitia seli rangi tofauti kabisa, samawati ya methilini, na vijitokezo vilionekana tena. Hii ndiyo njia sahihi ya kumjibu mpinzani katika sayansi: badilisha mbinu, uone kama matokeo yanabaki.

Kusikilizwa

Kugundua ni jambo moja, kusikilizwa ni jambo lingine. Cajal aliandika kwa Kihispania, lugha ambayo wanasayansi wakubwa wa Ujerumani na Ufaransa wengi wao hawakuisoma. Majarida hayakumsubiri. Alianzisha jarida lake kwa fedha zake, akachapisha nakala 60 tu, na nyingi akazituma nje kwa wataalamu. Majibu yalikuwa machache.

Mwaka 1889 alichukua akiba yake akasafiri mpaka Berlin, kwenye mkutano wa Chama cha Anatomia cha Ujerumani. Alibeba hadubini yake na vipande vyake bora. Hakuwa msemaji mzuri wa lugha za pale, kwa hiyo alipanga vipande mezani na kuwaalika watu watazame wenyewe. Miongoni mwa waliotazama alikuwa Albert von Kölliker, mzee aliyeheshimiwa kuliko wengi katika fani hiyo. Kölliker alikuwa upande wa wavu. Baada ya kutazama kwa makini alibadili msimamo, akawa mtetezi wa Cajal. Msomi mkubwa anapokubali mbele ya wenzake kwamba alikosea, naye anastahili kukumbukwa.

Mwaka 1891 Mjerumani Wilhelm Waldeyer aliandika muhtasari wa ushahidi uliokusanywa na Cajal na wengine, akaipa seli ya neva jina la nyuroni. Mwaka huo huo Cajal alieleza kanuni ya mwelekeo wa ujumbe: huingia kupitia dendraiti na mwili wa seli, hutoka kupitia aksoni. Mishale unayoichora kwenye mchoro wa nyuroni katika mtihani ilianza kwenye michoro yake. Mwaka 1897 Mwingereza Charles Sherrington akapaita mahali nyuroni mbili zinapokutana sinapsi.

Tuzo ya wapinzani wawili

Mwaka 1892 Cajal alihamia Madrid, na huko alimaliza kitabu kikubwa kuhusu mfumo wa fahamu wa binadamu na wanyama wenye uti wa mgongo, kilichotoka kati ya 1899 na 1904. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fiziolojia au Tiba. Aliyegawana naye tuzo hiyo ni Camillo Golgi.

Watu hao wawili walikutana Stockholm. Golgi alihutubia kwanza, na hotuba yake aliitumia kuipinga nadharia ya nyuroni. Siku iliyofuata Cajal alitoa ushahidi wake, akaisifu mbinu ya Golgi ambayo bila hiyo asingefika popote. Golgi alikuwa ametengeneza ufunguo, Cajal akaufungulia mlango, na mwenye ufunguo hakukubali kilichoonekana ndani.

Nani alikuwa sahihi? Hadubini za mwanga hazikuweza kumaliza ubishi kabisa, kwa kuwa nafasi kati ya nyuroni ni ndogo mno. Katika miaka ya 1950 hadubini za elektroni zilionyesha nafasi hiyo waziwazi. Baadhi ya seli zina vijia vidogo vinavyoziunganisha moja kwa moja, lakini hata hizo ni seli kamili zenye utando wake. Wakati huo Cajal alikuwa amekwisha kufa. Alifariki Madrid tarehe 17 Oktoba 1934, akiwa na miaka 82, na aliendelea kufanya kazi karibu hadi mwisho. Ameacha michoro takribani 3,000. Yule mtoto aliyenyang'anywa rangi alichora maisha yake yote.

Cajal na jeni

Cajal hakujua DNA inafanya nini. Hata hivyo kazi yake inaingia katika somo la jeni kwa njia tatu.

Kwanza, aliona kwamba nyuroni si za aina moja. Alizipanga kwa umbo: nyingine kama piramidi, nyingine kama nyota, nyingine zenye matawi kama mti uliobanwa ukutani. Leo watafiti wanazipanga pia kwa RNA zilizomo ndani yake, yaani kwa jeni zinazotumika. Wanaendeleza kazi ya kuhesabu aina za seli aliyoianza yeye kwa kalamu na wino.

Pili, mwaka 1903 aliona kitone kidogo ndani ya kiini cha nyuroni, karibu na nukleoli. Alikichora na kukipa jina, bila kujua kazi yake. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba mahali hapo hutayarishwa RNA ndogo zinazosaidia kuhariri ujumbe wa jeni kabla haujatoka kwenye kiini. Tangu 1999 kinaitwa mwili wa Cajal. Kumbe alikuwa ameona karakana ya udhihirishaji wa jeni nusu karne kabla ya umbo la DNA kugunduliwa mwaka 1953.

Tatu, mwaka 1894, katika mhadhara wake mjini London, alipendekeza kwamba kujifunza huimarisha miungano kati ya nyuroni. Sasa tunajua kwamba kumbukumbu ya muda mrefu huhitaji protini mpya, na ili protini hizo zitengenezwe jeni fulani lazima zitumike ndani ya nyuroni. Unaporudia mada hii leo, ukailalia, kisha ukairudia tena kesho, kazi hiyo inafanyika kichwani mwako. Ndiyo maana kusoma kidogo kila siku kunashinda kukesha usiku mmoja kabla ya mtihani.

Epuka kosa hili

Kila mwaka nikisahihisha mitihani ya majaribio hukuta majibu yanayosema nyuroni zimeungana kama nyaya za umeme, au mchoro ambamo aksoni imeingia moja kwa moja ndani ya dendraiti. Hilo ni kosa la Golgi. Usivunjike moyo ukilifanya, maana umelifanya pamoja na mshindi wa Nobel. Lakini alama hutapata. Acha nafasi ndogo kwenye mchoro wako, iandike sinapsi, na umkumbuke mtu aliyeipigania nafasi hiyo.

Maswali ya marudio

1. Eleza maana ya udhihirishaji wa jeni kwa kutumia mfano wako mwenyewe.
2. Kwa nini udhaifu wa mbinu ya Golgi ulikuwa pia faida yake?
3. Cajal alifaidika vipi kwa kutumia wanyama wachanga na viinitete?
4. Taja tofauti moja kubwa kati ya maoni ya Golgi na ya Cajal, kisha eleza ushahidi wa miaka ya 1950 uliomaliza ubishi.
5. Chora nyuroni mbili zinazofuatana. Onyesha kwa mishale mwelekeo wa ujumbe na uweke alama mahali pa sinapsi.
6. Jadili: kama ubongo ungekuwa wavu mmoja, je, ingewezekana kuchunguza jeni zinazotumika katika seli moja ya ubongo? Toa sababu.